Nusu siku katika mashua ya mashindano, Shela

Wageni wengi wanaofika Lamu huuziwa matembezi ya baharini ya kutazama machweo, ambapo kazi ya abiria ni kuegemea mto na kunywa madafu. Huduma ninayoieleza hapa ni ya namna nyingine. Nahodha mmoja wa Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, huchukua wanagenzi kwa nusu siku katika mashua ya aina ile ile inayoshindana kwenye tamasha la utamaduni la Lamu, na humo kila aliyepanda ni baharia.

Kabla ya kung'oa nanga kazi zinagawanywa: huyu ashike demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, yule awe tayari kukumba maji yanayoingia chomboni, na aliye mwepesi apande kwenye ubao mrefu uliokingamishwa chomboni, ambao ncha yake inatokeza nje upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo. Tanga la pembetatu ni kubwa mno kwa chombo chembamba kama kile, kwa hiyo kinachokizuia kisipinduke ni uzito wa watu pamoja na mifuko ya mchanga iliyowekwa kuwa farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Upepo ukizidi, wewe unajisogeza nje ubaoni, nao ukilegea, wewe unarudi ndani upesi, la sivyo mgongo wako utachota bahari. Macho yanatafuta mahali maji yanapogeuka meusi, kwani huko ndiko upepo unakotokea, na masikio yanangoja amri. Ada za shule na shughuli za ofisini hazipati nafasi akilini. Nimewahi kutumia programu za simu za kutuliza mawazo, na hakuna iliyonifikisha hapo.

Nilipopewa demani nilikodolea macho mikono yangu, hadi nahodha akasema, "Dada, kamba haitakwambia kitu, tazama tanga." Kweli, ukingo wa mbele ulipoanza kutetemeka nilivuta kidogo, na chombo kikaongeza mwendo papo hapo. Kukisi tanga, yaani kuligeuza upande, ni kugumu zaidi: foromali, ile boriti inayobeba tanga, inavushwa upande wa pili wa mlingoti huku turubai likipigapiga, na watu wote wanahama kwa pamoja. Tulipofaulu, tulicheka kama watoto, mzee mmoja mstaafu akiwa wa kwanza.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwepo, lakini baadhi zilikuwa zimekatika vifungo. Kagua yako ukiwa ungali ufukoni, na usione haya kuikataa.

Kwa anayeanza ningeshauri Februari au Machi, upepo wa kaskazi unapokuwa unalegea. Kusi ya Juni hadi Agosti ni ya wazoefu: maji yanapokupwa, mkondo unaotoka hupambana na upepo pale kwenye mlango wa bahari wa Shela, na mawimbi husimama wima. Bei hupatanwa kwa chombo kizima wala si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mkichanga mtaona nafuu. Ulizeni mapema kama samaki wa kuchoma wa mchana wamo ndani ya bei hiyo.