Duka la dawa la Wandegeya linaloeleza dawa kabla ya kuiuza
Katika duka hili dogo la dawa jijini Kampala, mfamasia hakunipa amoksilini, antibiotiki (dawa ya kupambana na bakteria) ya jamii ya penisilini, kabla ya kusoma cheti cha daktari na kunieleza kwa utulivu asili yake: kwamba kuvu aina ya Penicillium, ambayo hugombea chakula na bakteria, hutoa penisilini inayowazuia bakteria wanaokua kujenga ukuta wa seli zao, hata maji yakawaingia na kuwapasua, ilhali seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo. Bei ni za kawaida. Foleni ya jioni ni ndefu. Nililolithamini zaidi ni kwamba mama mmoja aliyeomba vidonge viwili tu vya antibiotiki kwa ajili ya mafua alikataliwa kwa heshima, akaelezwa kuwa virusi vinavyosababisha mafua havina ukuta huo.