Amplifaya ya Valvu: Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Volti

Mwaka jana nililipa shilingi 85,000 kwa amplifaya ya valvu iliyotumika, yaani mashine ya kukuza sauti inayotumia taa za kioo badala ya transista, ili nipate kuzisikiliza inavyostahiki santuri za taarabu alizoniachia marehemu baba, na haikutimia miezi mitano valvu zake nne za kutolea sauti zikawa zimekwisha kabisa. Niliipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa redio hapa Mombasa, anayezijua mashine hizi tangu ujana wake. Alichomoa valvu moja, akaielekeza dirishani na kunionyesha lile doa la rangi ya fedha lililo juu ya kioo, ambalo lilikuwa limefifia na kufanya kingo za kahawia. Kisha akaigeuza mashine, akabandua kwa ukucha karatasi ambayo muuzaji alikuwa ameigandisha nyuma, na chini yake tukasoma maandishi ya kiwandani: volti 220.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi hazikuchakaa. Zimeunguzwa na stima."

Muuzaji alikuwa amenihakikishia, "Dada, hii ni ya Ulaya, haina neno."

Tangu siku hiyo nimezichunguza amplifaya nyingi, zangu na za jamaa, na ninaamini kwamba jambo hili ndilo linalowatia hasara wanunuzi wengi wa huku kwetu kuliko jingine lolote. Kwa hiyo sitazungumzia wati wala utamu wa sauti, ambavyo kila muuzaji yuko tayari kuvieleza mpaka jua lizame. Nitazipanga mashine hizi kwa kuangalia transfoma yake ya umeme ilifungwa kwa volti ngapi.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na wa Uchina, zinakotoka amplifaya nyingi mpya, ni wa volti 220. Transfoma haijui iko nchi gani. Hugawanya kile inachopewa kulingana na idadi ya mizunguko ya waya wake. Filamenti, yaani zile nyaya ndogo zinazowaka ndani ya kioo, za valvu zote za kutolea sauti nitakazozitaja hapa zinahitaji volti 6.3, na kuzidi kwa asilimia 10 ndio mpaka wa mwisho. Mashine ya volti 220 ikipewa 240, filamenti hupata karibu 6.9, yaani imekwisha kufika ukingoni hata kabla ya umeme kuyumba. Nyumbani kwangu, saa 5 usiku, majirani wakishazima vyombo vyao, multimita, kile kipima umeme cha mafundi, ilisoma volti 248. Hapo filamenti hupata 7.1, na ule umeme mkubwa wa ndani, unaopita volti 300, nao hupanda kwa kiwango hicho hicho, huku kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani, zikikazwa kupita uwezo wake na transfoma ikichemka hata mkono haukai juu yake. Na saa hiyo ya usiku, nyumba ikishatulia, ndiyo saa mtu anayotaka kusikiliza santuri.

Nafasi ya kwanza naipa Quad II bila kusita. Ilitengenezwa Huntingdon, Uingereza, na kampuni ya Peter Walker, kuanzia mwaka 1953 hadi 1967, wakati ambapo miji ya Uingereza ilikuwa bado na volti tofauti tofauti, kati ya 200 na 250 hivi. Ndiyo maana mtengenezaji aliiwekea kichagua volti, nasi tuliorithi kutoka huko volti 240 pamoja na plagi ya miguu mitatu bapa tunanufaika na busara hiyo mpaka leo. Quad II moja hutoa upande mmoja tu wa sauti, kwa hiyo utahitaji mbili, na kila moja hutumia valvu za kutolea sauti za KT66 mbili, pamoja na valvu ndogo za EF86 mbili na valvu ya GZ32 moja ya kunyoosha umeme. Hutoa wati 15, ambazo sebuleni kwangu zinatosha na kubaki. Mwambie fundi aanze na rezista (kizuia umeme) ya omu 180 ambayo KT66 zote mbili huitegemea kwa pamoja: ikibadilika thamani, au valvu moja ikiharibika, mwenzake nayo huvutwa kwenye matatizo, ilhali rezista yenyewe ni ya bei ndogo sana. Kapasita za karatasi za wakati ule zibadilishwe zote, hata kama muuzaji ataapa kwamba mashine "haijaguswa", maana kutoguswa kwa miaka 60 ni kasoro. Nyaya za spika zinaweza kupangwa kwa omu 7 au 15. Kwa spika za omu 8 za siku hizi, tumia 7. Ninaipenda mashine hii kwa dhati na sioni haja ya kulificha hilo.

Ya pili ni Leak Stereo 20, Mwingereza mwingine wa mwisho wa miaka ya 1950. Pande zote mbili ziko katika boksi moja, valvu zake za EL84 zinatengenezwa hadi leo na si ghali, na anayeishi katika nyumba ndogo atafurahi kwamba haichukui nafasi kubwa.

Kwa anayetaka mashine mpya, ya tatu ni PrimaLuna, kampuni ya Uholanzi inayotengenezea mashine zake Uchina. Ina mfumo unaorekebisha wenyewe mkondo wa valvu za kutolea sauti, jambo linalosaidia sana umeme unapopanda na kushuka. Hata hivyo filamenti bado hutegemea transfoma, kwa hiyo muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba yako imefungwa kwa volti 240. Akikataa kuandika, usilipe.

Luxman za Japani, hasa zile za SQ-38, zina sauti ambayo ingenifanya nizipe nafasi ya juu zaidi, lakini zile zilizouzwa Japani kwenyewe ni za volti 100 na zinahitaji transfoma ya nje. Transfoma nyingi za madukani zimefungwa kwa 220 kuingia na 100 kutoka. Zikipewa 248 hutoa karibu 113. Dynaco ST-70 ya Marekani naiweka mwisho ingawa ina sifa kubwa, kwa sababu juu ya tatizo la volti kuna la hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: umeme wao ni wa hezi 60 na wetu 50, na transfoma iliyopimiwa 60 peke yake huvuma na kupata joto ikifanyishwa kazi kwa 50, hata volti ikiwa sahihi. Vile vidude vya bei nafuu vyenye taa ya rangi chini ya valvu sina la kuvisemea.

Linaloniuma zaidi ni wauzaji wa valvu. KT66 za zamani zilitengenezwa Hammersmith, London, na bei yake leo inatisha. Hilo ninalielewa, kwa kuwa zimebaki chache. Lakini jina la valvu la Gold Lion, lililojengwa na kiwanda kile, sasa linachapwa kwenye valvu zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Ni valvu nzuri, kama zilivyo zile za kampuni ya JJ ya Slovakia, na hakuna ubaya kuzinunua. Ubaya ni mtu kuniuzia valvu ya mwaka juzi kwa bei ya ile ya London, akijua wazi kwamba jina kwenye kioo litanidanganya. Wengine hukataa hata bati la chini lisifunguliwe, eti dhamana itaharibika, ilhali dhamana yenyewe ni ya mdomo tu.

Nenda na fundi, na umwache yeye ndiye apime, kwa sababu ndani mna umeme wa kuua na kapasita huubakiza hata baada ya kuzima. Kwenye KT66 apime volti za filamenti kati ya mguu wa 2 na wa 7, kwenye EL84 kati ya wa 4 na wa 5, mashine ikiwa imewaka kwa nusu saa. Kipimo hicho kirudiwe nyumbani kwako usiku. Kikizidi 6.6, fundi akufungie nje ya mashine transfoma ndogo ya volti 18 yenye ampea za kutosha, iliyounganishwa ili ipunguze umeme unaoingia. 248 itashuka hadi 230 hivi. Mimi niliipendelea kuliko stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, kwa sababu ile niliyoijaribu ilikuwa ikilia ta-ta-ta katikati ya wimbo kila volti zilipobadilika, na gharama ya transfoma hiyo pamoja na kazi ya fundi haikufika nusu ya bei ya valvu nne nilizokwisha kuzitupa.