Hema la kukodi Dar, siku tatu Udzungwa: uzoefu wangu

Hema lilikuwa linanuka. Si moshi, si ukungu, ni ile harufu ya uchachu ya maziwa aliyocheua mtoto begani. Niliisikia palepale dukani, nikamwambia kaka anayekodisha. Akacheka. "Dada, hilo limekaa sana kwenye mfuko wake tu. Likipigwa upepo kidogo harufu inakata." Nikaridhika. Hema la watu wawili elfu kumi na tano kwa usiku, shanta la lita 60 elfu nane, mfuko wa kulalia elfu tano, na amana ya laki moja juu. Nikabeba vyote kwenye bajaji hadi Tabata na sikulifungua hema hata mara moja. Alhamisi yote lilikaa nyuma ya mlango, nami nina kibaraza kinachotosha kulisimamisha.

Safari ilikuwa ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, njia ya kilele cha Mwanihana: kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu, kulala porini mara mbili. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Udzungwa niliichagua kwa sababu ndani yake hakuna barabara ya gari. Mikumi unaikuta njiani, unaona swala na twiga ukiwa umekaa kwenye kiti cha basi; Udzungwa usipotembea hujaona kitu. Tulipanda basi la Ifakara pale stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Mikumi mjini tukakata kushoto, Kidatu, mashamba ya miwa yasiyoisha, na Mang'ula tukashuka tukiwa tumekunjamana. Tukalala gesti.

Getini hawapokei pesa mkononi. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, ndipo mambo yanaanza. Lazima utembee na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Afande wetu alikuwa kijana mpole, maneno machache. Mpagazi tulimpata palepale kijijini, mzee mmoja aliyepanda na kandambili hadi nikaona aibu ya kuhema mbele yake.

Nianze na kilichonifaa, maana kipo. Shanta lile ni zuri kweli. Saa ya kwanza nililibeba kama begi la shule, mabega yakawaka. Mzee akanisimamisha, akalegeza mikanda ya mabegani, akashusha ule mkanda mpana wa kiunoni mpaka ukakaa juu ya mifupa ya nyonga, akaukaza kwa nguvu. "Sasa tembea, mwanangu." Kilo kumi na mbili zilihamia kiunoni palepale. Kama na wewe umezoea mabegi ya mtumba yasiyo na mkanda huo, usiyapandishe mlimani. Mfuko wa kulalia nao sina neno baya juu yake. Mang'ula unaondokea mita mia tatu hivi kutoka usawa wa bahari, kilele kimepita mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita. Mtu wa Tabata anayelala na feni usiku kucha, huko anatafuta soksi.

Siku ya kwanza ni kupanda tu. Miti ina mizizi iliyosimama kama kuta, juu hakuonekani. Mchana afande aliinua mkono tunyamaze. Ukasikika mlio mzito unaopanda na kushuka, kama mtu anayecheka mbali. "Ngolaga," mzee akasema. Nyani huyu anaitwa pia mangabe wa Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walikuja kumjua mwaka 1979, baada ya kusikia mlio huohuo na kumuuliza mwenyeji ni wa nani. Hatukumwona. Tulisimama dakika kumi shingo zikiuma.

Tuje kwenye hema.

Tulipolimwaga chini kambini, vigingi vilikuwa tisa. Hema lile linataka kumi na vinne. Mzee akaokota vijiti vikavu vilivyoanguka (afande alikuwa anatazama, hapo hukati mti), akavichonga vitano kwa panga. Tulipolisimamisha nikaona mengine: ule mkanda mwembamba unaobandikwa ndani juu ya mishono unaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Nikaugusa, ukabaki kidoleni. Kitambaa chenyewe ndani kilikuwa kinanata.

Ilikuwa Septemba, kiangazi, nikajipa moyo. Lakini mteremko ule wa mashariki unapokea hewa yenye maji kutoka Bahari ya Hindi, na msitu hauulizi kalenda. Saa nne usiku ikaanza. Kwanza tone moja shavuni. Kisha kila mshono ukawa mfereji. Mdogo wangu alisogea kwangu, mimi nikasogea kwake, maji yakatukuta katikati. Tukatoka. Mzee alikuwa ameshafunga turubai lake la buluu kati ya miti miwili, la mashine ya kukobolea mpunga alisema, halina hata tundu. Tukalala chini yake wanne, pamoja na bunduki. Usiku wa pili tulilitandaza turubai hilohilo juu ya hema, tukalala vizuri.

Siku ya pili ikawa zamu ya viatu. Mdogo wangu alivaa vya mlima alivyoletewa kutoka nje miaka saba iliyopita, vimekaa kabatini, havijavaliwa mara tatu. Vinang'aa. Kabla ya saa sita soli ya kulia iliachama, na sehemu laini ya katikati ikawa inamomonyoka kama keki ya juzi. Alifika kileleni soli zikiwa zimefungwa kwa kamba ya kuanikia. Mimi nilikuwa na vya mtumba kutoka soko la Karume, elfu thelathini na tano, ambavyo fundi wa pale mtaani alivizungushia uzi kwa elfu tano. "Gundi ya hivi siiamini," alisema. Nilimwona anatafuta hela.

Hema na viatu viliuawa na kitu kimoja, na nimeona niandike kwa sababu hiyo. Utando unaozuia maji ndani ya kitambaa cha hema, na ile sehemu laini ya soli, mara nyingi ni poliyurethani, aina ya plastiki. Mvua ya siku moja haiudhuru. Unavunjwavunjwa taratibu na joto pamoja na unyevu wa hewani, yaani stoo yoyote ya Dar es Salaam. Ukianza kuoza unanata, mkanda wa mishono unabanduka, na unatoa ile harufu ya maziwa. Kwa hiyo hema linaweza kuwa halijalaliwa hata mara kumi na likawa limeshakufa ndani ya mfuko wake. Ukienda kukodi, lifungue hapohapo dukani, pitisha ukucha kwenye mkanda wa mshono, nusa, hesabu vigingi. Ukifika nyumbani lisimamishe ulimwagie ndoo ya maji. Na kama una lako, usiliweke limekunjwa kwenye mfuko. Likaushe, lining'inize mahali penye hewa.

Kileleni: majani, ukungu, kisha ukafunguka tukaona bonde la Kilombero na miwa imekatwa viraka viraka. Mdogo wangu alikaa chini kukaza kamba zake, akasahau kukaza, akakaa tu. Wasiotaka kulala porini waende maporomoko ya Sanje, ya zaidi ya mita 170, wanarudi siku hiyohiyo.

Jumanne nikarudisha vitu. Kaka wa duka hakulifungua hema, wala hakutaka kusikia habari ya mishono. "Dada, hili ni orijino la nje, mvua ya huko tu ilizidi." Akamwaga vigingi mezani akahesabu kwa kidole. "Vilikuwa kumi na vinne. Hapa tisa. Kimoja elfu tatu."

Nikatoa kwenye pochi vile vitano alivyochonga mzee, nikavipanga pembeni. Akavitazama, akanitazama. Amana nilirudishiwa elfu themanini na tano.