Timu ya shule au klabu ya kuogelea?

Kila muhula ukianza, wazazi wa Kampala hurudia swali lile lile: mtoto aogelee na timu ya shule, au apelekwe klabu?

Kwa pesa, shule inashinda. Mara nyingi gharama imo ndani ya karo. Klabu ina ada yake, halafu nauli, halafu kiingilio cha mashindano. Na miwani ya kuogelea hupotea kuliko penseli. Uliza gharama ya mwaka mzima, si ya mwezi.

Kwa mazoezi, mambo yanageuka. Shule ikifungwa, timu nayo hulala, na kuanzia Desemba hadi Februari mtoto huenda asiguse maji kabisa. Pumzi aliyoijenga huyeyuka. Klabu huendelea likizoni, na kocha yule yule anaweza kumnoa mtoto miaka kadhaa, leo mtindo wa chura, kesho kipepeo. Anayetamani njia ya Kirabo Namutebi, aliyeogelea Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 16, shule pekee haitamfikisha.

Foleni ya jioni nayo ihesabiwe. Saa mbili barabarani kwa saa moja majini? Mimi nisingekubali, labda bwawa liwe jirani.

Popote uendapo, tazama zoezi moja zima: nani anaangalia maji kocha akigeuka?

Mtoto wa miaka 7 anayeogopa kuzamisha uso, shule inamtosha. Wa 12 anayekuamsha alfajiri mwenyewe, anza kutafuta klabu.