Uzoefu wangu na UN Web TV: kulitazama Baraza la Usalama bila msimulizi

Kama unafuatilia siasa za dunia na umechoka kuletewa habari ambayo wengine wameshaitafuna, jaribu UN Web TV, huduma ya video ya Umoja wa Mataifa. Hulipi chochote wala husumbuliwi na matangazo ya biashara. Vikao vya wazi vya Baraza la Usalama hurushwa moja kwa moja, kisha vinawekwa hapohapo kwa anayetaka kurudia. Mimi natazamia kwenye simu, na zikija habari za vita, huko ndiko ninakoanzia.

Kilichonishika ni upigaji kura. Kichwa cha habari kitakwambia nchi fulani imetumia kura ya turufu, yaani kura ya kupinga ya mmoja wa wanachama watano wa kudumu inayoangusha rasimu peke yake, basi. Ukitazama mwenyewe unamsikia rais wa Baraza akiwataka wanaounga mkono wanyooshe mikono, halafu wanaopinga, halafu wanaojizuia, yaani wasiounga mkono wala kupinga. Tarehe 8 Desemba 2023 mikono 13 ilinyooshwa kuunga mkono rasimu ya azimio ya Falme za Kiarabu iliyotaka mapigano yasitishwe Gaza. Uingereza haikuelemea popote. Upande wa kupinga ukanyooshwa mkono mmoja, wa Robert Wood wa Marekani, na rasimu ikafia palepale. Nililiona hilo kwa macho yangu na hasira yake bado ninayo.

Wala si Marekani peke yake. Tafuta kikao cha tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine. Urais wa Baraza huzunguka kila mwezi, na Februari ile ilikuwa zamu ya Urusi. Kwa hiyo balozi wake, Vasily Nebenzia, ndiye aliyeendesha kura ya rasimu ya kuilaani nchi yake, akanyoosha mkono kuipinga, kisha akatangaza matokeo: 11 wameunga mkono, 1 amepinga, 3 hawakupiga upande wowote. Mtuhumiwa, hakimu na karani wa mahakama ni mtu mmoja! Maelezo ya gazeti hayawezi kukufikishia jambo hilo lilivyo.

Usizime kura inapokwisha. Mabalozi hupewa nafasi ya kueleza kwa nini wamepiga walivyopiga, na kwangu mimi hapo ndipo penye uhondo. Tarehe 25 Machi 2024 azimio namba 2728, lililodai mapigano yasitishwe Gaza katika mwezi wa Ramadhani, lilipita kwa kura 14, Marekani ikijizuia. Ukumbi ukapiga makofi, jambo lisilo la kawaida mle. Makofi yalipotulia, Balozi wa Marekani, Linda Thomas-Greenfield, akasema azimio hilo halina nguvu ya kulazimisha. Wakati Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema wanachama wanakubali kuyatekeleza maamuzi ya Baraza. Ukikatisha video kwenye makofi, utalala ukidhani vita vimekwisha.

Kuna kikao kingine ambacho watu wengi hukiruka. Tangu tarehe 26 Aprili 2022, kwa azimio namba 76/262, kila kura ya turufu inapotumika Baraza Kuu, lile la nchi zote wanachama, lazima likutane ndani ya siku 10 za kazi kuijadili. Haliwezi kuifuta, lakini aliyeitumia anasemwa mbele ya nchi 193. Nenda kakitazame, hasa zinaposimama nchi ndogo zisizo na kiti kwenye Baraza la Usalama.

Upungufu upo. Mashauriano ya faragha hayarushwi, na huko ndiko maneno ya rasimu yanakopunguzwa makali kabla hatujaona chochote. Vikao vingine ni hotuba za kusoma kwa saa kadhaa, hivyo nasogeza mbele hadi kwenye kura. Na lugha ndiyo kikwazo kikubwa zaidi: sauti za wakalimani ziko katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Idhaa ya Kiswahili ya Habari za UN inafanya kazi nzuri ya kutoa muhtasari, lakini muhtasari haukupi yale maelezo ya baada ya kura. Ningependa sana waanze na hayo tu, dakika chache za kila balozi mwenye kura ya turufu, yakiwa na sauti ya Kiswahili juu yake.