Kitabu Kilichonyofolewa Jina: Historia ya Mwanamume Aliyevalishwa Gauni kwa Nguvu

Nilikinunua kwa shilingi 35,000 kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai lake karibu na Posta Mpya, na ningekinunua tena leo, ila safari hii ningekipekua ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoa fedha. Jalada la nje na ukurasa wa jina vimenyofolewa, pengine na mtu aliyeona haya kukiweka sebuleni. Ni kitabu kizito cha Kiingereza kinachohusu tawi moja la sanaa ya fetishi, yaani michoro ya watu wazima ambamo ashiki huelekezwa kwenye kitu kama koseti (vazi la kubana kiuno), glovu au kiatu cha kisigino kirefu. Na tawi lenyewe ni lile la mwanamume mzima anayelazimishwa kuvaa nguo za kike. Anayetafuta picha za uchi atakuwa amepoteza fedha zake, kwani humu mna vitambaa vingi kuliko duka la Kariakoo.

Mwandishi anaanzia mbali, na amefanya vyema. Katika visasili vya Wagiriki, shujaa Herakles aliuzwa utumwani kwa malkia Omphale kama adhabu ya kuua. Wachoraji na washairi wa baadaye wakamvisha mavazi ya kike na kumpa uzi asokote, huku malkia akijitwalia ngozi yake ya simba na rungu lake. Mchoro wa Mjerumani Lucas Cranach wa mwaka 1537 umechapishwa ukurasa mzima, na nimeutazama mara nyingi: wanawake wanamfunika shujaa kitambaa cheupe kichwani, naye ametulia kama bwana harusi anayepambwa na mashangazi. Hoja ya kitabu inaanzia hapo. Fedheha ya Herakles inaeleweka tu kwa msomaji ambaye tayari anaamini kwamba kuwa mwanamke ni kushuka cheo, na sisi tuliokulia penye kejeli ya «nenda kavae kanga» hatuhitaji mkalimani.

Sura ya karne ya 19, pamoja na barua za magazeti ya Uingereza zilizobishania kubana koseti, inapita haraka na haina jipya. Uhondo uko katika sura ya Marekani. John Willie, Mwingereza aliyezaliwa Singapore mwaka 1902 kwa jina la John Coutts, alianzisha mwaka 1946 jarida la Bizarre, ambalo liliendelea hadi 1959, na sehemu kubwa ya jarida hilo ilikuwa barua za wasomaji wakisimulia, kwa kweli au kwa kubuni, jinsi mke au bibi mwajiri alivyowavalisha sketi na aproni. Huko New York, Irving Klaw aliuza picha na michoro ya namna hiyo kwa njia ya posta, akiepuka uchi kwa kuogopa sheria, hadi alipoitwa mwaka 1955 mbele ya kamati ya Seneta Kefauver iliyochunguza uhalifu wa vijana. Miongoni mwa wachoraji wake walikuwamo Eric Stanton, ambaye baadaye alitumia studio moja na Steve Ditko, mmoja wa wabunifu wa Spider-Man, shujaa wa katuni, na Gene Bilbrew, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1974. Mwandishi anaonyesha kwa subira kwamba hofu ya sheria za posta ndiyo iliyoufanya mchoro uwe jinsi ulivyo: palipokatazwa mwili, mkono wa mchoraji ulihamia kwenye kifungo, lesi na mng'aro wa ngozi ya kiatu. Mimi ninayechora katuni kwa riziki nimejifunza zaidi katika kurasa hizo kuliko katika kozi niliyolipia.

Kuhusu maudhui, kitabu kinaeleza vizuri kwa nini neno «kwa nguvu» lina kazi: mhusika akilazimishwa, halaumiwi kwa kutamani alichotamani tangu mwanzo. Kasoro yake ni kuwasahau walioyavaa mavazi ya kike kwa hiari, bila mateso. Daktari Mjerumani Magnus Hirschfeld alikwisha kuandika juu yao mjini Berlin mwaka 1910, na Mmarekani Virginia Prince akawatolea jarida la Transvestia mwaka 1960. Humu wamepewa aya mbili tu, kana kwamba ni wapangaji wa uani.

Lalamiko langu kwa muuzaji ni jingine. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba karatasi nne za sura ya Bilbrew zimekatwa kwa wembe, kwa unadhifu kabisa, zikabaki kingo nyembamba kwenye gundi. Maelezo ya chini ya picha yanazungumza na ukurasa usiokuwapo. Niliporudi alikiri kwamba alijua, akasema kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu hakichezewi na kwamba mwenye kitabu wa kwanza ndiye aliyepunguza hatari. Sheria hiyo ipo kweli na inakataza biashara ya machapisho machafu, lakini ungwana ulimtaka anieleze kabla ya kuhesabu noti zangu. Alinirudishia shilingi 10,000, akakifunga upya kitabu kwa gazeti la michezo, akaniomba nisikifungue ndani ya daladala.