DaVinci Resolve Studio kwa video inayokwama: dola 295 zinanunua nini hasa

Malalamiko ni yale yale kila wiki: klipu ya 4K inachezwa vizuri kwenye VLC, ukiileta kwenye programu ya kuhariri inakatakata, sauti inatangulia, picha inaganda. Ushauri wa haraka unaotolewa ni "nunua kadi kubwa ya picha". Mara nyingi ni ushauri mbaya, kwa sababu kadi iliyomo kwenye mashine inaweza kuwa imekaa bure kabisa.

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, katika toleo lake la bure kwenye Windows huiachia CPU kazi ya kusimbua, yaani kufungua, video zilizobanwa kwa H.264 na H.265. Unaweza kuwa na kadi ya NVIDIA RTX 3060 humo ndani. Itafanya rangi na vionjo (effects), lakini kufungua faili lenyewe haitagusa. Toleo la kulipia, Studio, ndilo linaloruhusu chipu ya kusimbua iliyo kwenye kadi ifanye kazi. Kwenye Mac hali ni tofauti, toleo la bure pia linatumia chipu ya Apple, kwa hiyo mwenye MacBook ya M1 hana haja ya kulipa kwa sababu hii. Kwenye Linux ndiyo mbaya zaidi: toleo la bure halifungui H.264 wala H.265.

Kwa hiyo tathmini hii inamhusu mtu wa Windows. Anailipia Studio dola 295 mara moja, leseni inaruhusu kompyuta mbili, na kwa miaka yote mpaka sasa matoleo mapya yamekuwa yakija bila malipo ya ziada. Je, video itaacha kukwama? Inategemea kamera yake kuliko inavyotegemea kadi yake.

Sababu ni hii. H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu kamili. Fremu moja kamili hufuatwa na nyingi zinazoandika tu kilichobadilika, na baadhi zinategemea fremu zinazokuja mbele yake. Ukibofya katikati ya mstari wa muda, mashine inarudi kwenye fremu kamili ya karibu na kujenga kuanzia hapo. CPU inaweza kazi hiyo lakini kwa jasho. Ndani ya kadi kuna kipande kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, mfano wa king'amuzi cha runinga: hakijui kitu kingine, ila hicho kimoja kinakifanya bila kuchoka. Intel wanakiita Quick Sync, NVIDIA wanakiita NVDEC. Kwa kuwa kimechongwa kwenye silikoni, aina ya video ambayo hakikuundiwa hakitaisoma kamwe, hata ukisakinisha draiva mpya kila asubuhi.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Tofauti kubwa haiko kwenye 4K au 1080p, iko kwenye namba 4:2:0 na 4:2:2, yaani kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa. Simu, droni nyingi na kamera za zamani hurekodi 4:2:0. Kwa H.265 ya biti 10 (kina cha rangi) ya 4:2:0, kadi yoyote ya GTX 1050 kwenda juu inatosha, na upande wa Intel kuanzia kizazi cha 7. Lakini H.265 ya 4:2:2 biti 10, ambayo Canon R6 hutoa ukiwasha C-Log (rangi bapa za Canon), haisomwi na NVDEC ya kadi yoyote ya NVIDIA kabla ya mfululizo wa RTX 50 uliotoka 2025. Hata RTX 4090. Wakati huo huo chipu ndogo ya Intel Core i5 ya kizazi cha 11 au 12 inaisoma bila shida. Ndiyo maana kompyuta ya bei nafuu yenye Intel huteleza mahali ambapo mashine ya michezo ya bei mbaya inakwama.

Mwenye Sony A7 IV ana mtihani wake. XAVC S, muundo wa faili wa Sony, kwa 4:2:2 kwenye kamera hiyo ni H.264 ya biti 10, na hiyo Quick Sync ya vizazi hivyo vya Intel haiisomi, wala NVIDIA kabla ya RTX 50. XAVC HS ni H.265, inasomeka kwa Intel, ila katika mfumo wa PAL (fremu 25 au 50 kwa sekunde) huipati kwa fremu 25 kwenye 4K, ni 50. Ukitaka fremu 25 na mashine yako si mpya, chagua kati ya 4:2:0 ya biti 8 na kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi ya kuhariria. Studio haitakuokoa hapo.

Usikisie aina ya faili. Sakinisha MediaInfo, ni ya bure, buruta klipu ndani, soma mistari mitatu: "Chroma subsampling", "Bit depth" na "Frame rate mode". Huo wa tatu ukisema "Variable", ni video ya simu yenye fremu zisizo na mwendo sawa. Hiyo italeta sauti na picha kuachana hata chipu ikifanya kazi vizuri; ipitishe HandBrake kwanza, chagua "Constant Framerate", ndipo uilete.

Ukishakuwa na Studio, nenda "Preferences", kisha "System", kisha "Decode Options". Weka tiki kwenye mstari wa kutumia maunzi kwa H.264 na H.265, halafu chini yake chagua Intel, NVIDIA au AMD. Kwenye mashine yenye vyote viwili, Intel na NVIDIA, na kamera ya 4:2:2, hakikisha Intel ina tiki. Hifadhi, funga programu, ifungue upya. Usipoifunga huenda usione tofauti yoyote ukadhani umepigwa.

Kisha pima. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, "Performance", chagua GPU, na kwenye moja ya grafu ndogo badili iwe "Video Decode". Cheza klipu isiyo na kionjo chochote. Grafu ikiwa sifuri huku CPU ikiwa 90 au 100, chipu haitumiki: ama tiki haikukaa, ama faili ni la aina isiyosomeka. Grafu ikipanda na picha ikateleza, tatizo limekwisha. Ukirudisha vionjo na picha ikakwama tena huku grafu hiyo ikipanda kiasi tu, angalia grafu ya "3D" au "Cuda". Hapo mkosaji ni vionjo, hasa kuondoa chengachenga, na hakuna kisimbuzi kitakachokusaidia. Kwenye Resolve yenyewe namba ya fremu kwa sekunde iko juu ya dirisha la kutazamia. Kitone chake kinageuka chekundu mwendo ukishuka.

Kompyuta yenye chipu mbili huonyesha GPU 0 na GPU 1. Angalia zote. Wengi hutazama NVIDIA pekee, wanaona sifuri, wanaanza kulaumu, kumbe Intel ndiyo inayobeba mzigo.

Jambo linalopaswa kusemwa dukani kabla ya pesa kutoka: prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina chipu ya picha, kwa hiyo haina Quick Sync. Ni rahisi kidogo kuliko ndugu yake, na kwa mchezaji wa gemu ni sawa, lakini kwa mhariri wa harusi mwenye Canon ya 4:2:2 ni hasara tupu. Ukiwa na prosesa isiyo na F na bado Quick Sync haionekani, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka): ubao mama mwingi huzima chipu ya ndani ukichomeka kadi. Tafuta mpangilio unaoitwa "iGPU Multi-Monitor" au jina la karibu na hilo, uwashe, kisha sakinisha draiva ya picha ya Intel.

Premiere Pro inafaa kulinganishwa kwa sababu huko usimbuaji huu hauuzwi peke yake. Umo ndani ya malipo ya kila mwezi. Uko "Preferences", "Media", mstari wa "Enable hardware accelerated decoding", nao pia unataka programu ifungwe na kufunguliwa. Watu huuchanganya na mpangilio wa Mercury Playback Engine ulio kwenye "Project Settings". Huo ni wa vionjo na kubadili ukubwa. Unaweza kuwa kwenye CUDA, njia ya kadi za NVIDIA, na bado CPU ikawa ndiyo inayofungua faili. Premiere pia hutengeneza faili za sauti kila unapoleta klipu mpya, kwa hiyo dakika za mwanzo huwa nzito hata kwenye mashine nzuri. Ngoja upau wa chini kulia umalize kabla ya kutoa hukumu. Ikionyesha picha za kijani au vipande vilivyovunjika, sasisha draiva, ukichagua ile ya Studio ya NVIDIA badala ya ile ya michezo, na ufute "Media Cache".

Kwa mtu anayehariri kazi moja kwa miezi miwili mitatu, kulipa Premiere kwa mwezi kunaeleweka. Anayehariri mwaka baada ya mwaka, Studio hatimaye inarudisha pesa yake.

Kupunguza ubora wa kutazamia kwenye Resolve, kupitia menyu ya "Playback", kunapunguza mzigo wa vionjo. Faili la H.265 bado linasimbuliwa likiwa zima. Hivyo, kama kinachokwama ni usimbuaji, usitarajie muujiza.

Faili lisilosomeka na chipu yako dawa yake ni proksi. Resolve ya bure inaweza kuzitengeneza, lakini ikikataa hata kuifungua picha, jambo la kawaida kwa 4:2:2 ya biti 10 kwenye toleo hilo, tumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i A.MP4 -vf scale=1280:-2 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_lb -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le A.mov

DNxHR, muundo wa proksi hiyo, huhifadhi kila fremu kamili, hivyo hata prosesa ya zamani huicheza bila kuhema. Gharama yake ni nafasi: kwa 1080p ya fremu 25 kiwango hicho cha chini ni kama megabiti 36 kwa sekunde, yaani takriban GB 16 kwa saa moja. Ukishusha hadi upana wa 1280 inapungua zaidi. Ziweke kwenye SSD, si kwenye flashi ya USB 2.0.

Kabla ya kulipa hizo dola 295, pima chipu yako bure. Fungua Task Manager kwenye "Video Decode", kisha endesha:

ffmpeg -hwaccel d3d11va -i A.MP4 -f null -

Grafu ikipanda, Studio itaitumia chipu hiyo hiyo na utaona tofauti siku ya kwanza. Isipopanda, ffmpeg itakuwa imerudi kwenye CPU; kwa 4:2:2 usihukumu bado, maana d3d11va huenda isiifungue hata kama chipu inaweza, jaribu amri zinazofuata hapa chini. Zote zikishindwa, pesa hiyo inunue SSD ya proksi. Kwenye mashine yenye kadi mbili jaribu pia "-hwaccel qsv" kwa Intel na "-hwaccel cuda" kwa NVIDIA, maana amri ya kwanza huchagua moja tu.